Nyuzi Nilizolegeza

Siku niliyokabidhi ufunguo wa karakana, Brayo na Shiko waliniomba niwaachie kitu kwa maandishi. Brayo alitaka jinsi ya kunyoosha shingo ya gitaa iliyopinda, Shiko akataka aina za gundi. Hayo, wanangu, mtayapata kwenye simu zenu, na huyo atakayewaonyesha ana taa nzuri kuliko yetu. Mimi nitawaandikia yale ambayo simu haina. Nitawaandikia kuhusu wacheza stili waliokuwa wakipanda ngazi zetu pale Ngara na gitaa kwapani, na ambao sasa hawapandi ngazi yoyote. Nitawaandikia pia kosa moja nililolifanya nikiwa fundi kamili, wala si mwanagenzi, na ambalo nimeishi nalo miaka ishirini na tatu.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na anayetumwa chai.

Nilitoka Machakos nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikaajiriwa kwenye kaunta ya duka la ala za muziki, pale chini ambapo sasa wanauza vifuniko vya simu. Kazi yangu ilikuwa kuuza nyuzi, nami sikujua uzi upi ni wa nini. Siku ya kwanza aliingia bwana mmoja wa tai, karani wa wizara, akaomba nyuzi za gitaa la stili. Nikamuuzia za nailoni, kwa sababu zilikuwa zinang'aa. Kesho yake alirudi akiwa amezifunga kwenye gitaa lake. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akalilaza gitaa mapajani, akapitisha kipande cha chuma juu ya zile nailoni. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayefuta dirisha. Akaniuliza kwa upole kama nimesikia, nikamwambia nimesikia, akanirudishia mmoja baada ya mwingine huku akizihesabu. Huyo alikuwa Mutua, na ndiye mcheza stili wa kwanza niliyemjua.

Mzee Njuguna, fundi wa juu, alikuwa amesimama kwenye ngazi akisikiliza yote. Aliniambia nipande nikaone nyuzi huenda wapi zikitoka kaunta. Nilipanda siku hiyo, na naweza kusema sikushuka tena kwa miaka arobaini.

Njuguna alikuwa seremala wa vitanda kabla ya kuwa fundi wa magitaa, na mpaka mwisho alipima kila kitu kana kwamba mtu atakilalia. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vibaya alikohoa, ukifanya vizuri alinyamaza, nami nilijifunza kazi kwa kusikiliza kikohozi. Jambo alilolijua kuliko fundi yeyote mjini ni kugeuza gitaa la kawaida liwe la stili. Gitaa la stili halishikwi kama mengine. Hulazwa mapajani uso juu, na mchezaji hakanyagi nyuzi kwa vidole, bali huzitelezeshea kipande cha chuma kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukizidonoa. Kwa hiyo nyuzi lazima ziinuliwe juu, mbali na mbao, na ile sauti hutambaa kutoka noti moja hadi nyingine bila kuruka. Ndiyo maana watu husema stili inalia. Sauti ya mtu anayelia nayo haina ngazi, hupanda na kushuka bila kukanyaga popote.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuokota na kubuni. Chuma cha kutelezesha tulikipata kwa mafundi wa magari, ile pini ya ndani ya pistoni, tukaisugua kwa msasa na baadaye kwa majivu mpaka uone meno yako. Kile kipande cha kuinua nyuzi shingoni tulikichonga kwa mfupa wa ng'ombe, muundi, uliochemshwa kutwa na kuanikwa juani wiki mbili. Plastiki humeza sauti, mfupa huirudisha. Mifupa hiyo tuliletewa na mchuna ngozi wa machinjioni Dagoretti aliyeitwa Kimani. Alikuja kila mwisho wa mwezi na mfuko wa mifupa, akachagua mwenyewe ule mzuri kwa kuugonga na kucha na kusikiliza. Njuguna aliyekohoa kwa kila mtu hakuwahi kumkoholea Kimani.

Nilidhani ni muuza mifupa tu, hadi siku alipolichukua gitaa lililokuwa limekamilika mezani, akakaa kwenye kigoda na kulijaribu. Niliiweka tupa chini. Viganja vyake vilikuwa vipana, vina makovu ya visu, navyo viligusa zile nyuzi kama anayemshika mtoto mwenye homa. Nilimwuliza alijifunzia wapi. Akasema ng'ombe walimfundisha kutokuwa na haraka.

Sasa niwaambie kuhusu wacheza stili watatu, kwa maana mkiwasikia kwenye kanda zao mtadhani wanafanana, na hawafanani hata kidogo.

Mutua wa wizara alikuwa mtu wa leso. Aliitandika mapajani kabla ya kulaza gitaa, akaikunja tena alipomaliza. Mama yake alipofariki alisimama kaburini kule Mwala macho makavu, watu wakamsema. Jumapili iliyofuata aliucheza wimbo mmoja wa dini kanisani, na mkono wake ukatetemeka kidogo tu mwisho wa kila mstari, kidogo sana, na wale wale waliomsema wakatafuta leso zao. Baada ya ibada aliniambia kwamba nyumbani kwao mwanamume hakuruhusiwa kulia, lakini hakuna aliyekumbuka kulikataza gitaa.

Githinji alikuwa dereva wa lori, mnene, mcheshi, mwenye kuchelewa kila mahali isipokuwa kwenye chakula. Alicheza kwenye bendi ya nyimbo za kantri, Jumapili mchana, kwenye hoteli za Ngong Road. Yeye alikuwa akiipita noti, kisha anarudi nyuma polepole kuichukua, kama dereva aliyepita abiria na kumwonea huruma. Nilimpigia kelele mara nyingi kwamba anakosea. Alikufa barabarani huko Salgaa, na sasa nikisikia mtu akiigonga noti barabara kabisa, naona kama kuna abiria ameachwa.

Na Kimani, ambaye hakuzima uzi. Wachezaji wote humaliza wimbo kwa kuweka kiganja juu ya nyuzi ili zinyamaze. Kimani alitoa mikono, akaiweka magotini, akaiacha noti ya mwisho iende mpaka iishie yenyewe. Kama kuna mtu alianza kupiga makofi, alimtazama. Karakana nzima ilikaa kimya ikisikiliza kitu ambacho tayari hakikuwepo. Nimeukosa ukimya huo kuliko nyimbo zenyewe.

Kuna desturi moja ya watu hawa ambayo lazima muielewe, maana kosa langu lilitokea hapo. Gitaa la kawaida hufungwa nyuzi zake kwa namna moja inayojulikana na kila mtu. Stili haina namna moja. Kila mchezaji alizikaza nyuzi zake sita kwa mpango wake mwenyewe, na mpango huo ndio sauti yake. Waliuficha kuliko mtu anavyoficha nambari ya benki. Walipokaza waligeuka ukutani, na walipoleta gitaa kutengenezwa walizilegeza nyuzi zote kwanza nyumbani, ili fundi asisikie na kumpa mwingine. Nasi juu ya hayo tulikuwa na sheria ya Njuguna, kwamba stili hailali kwenye kasha ikiwa imekazwa, kwani nyuzi zilizoinuliwa huivuta shingo mpaka ipinde. Kwa hiyo kwa miaka yote kila stili iliyoingia ilikuwa imelegea, na kama kulikuwa na uzi mmoja uliosahauliwa, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kigingi na kuumalizia. Sikufikiri. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini fundi hudhani mazoea yake ni ujuzi.

Njuguna alikuwa ameshastaafu, na karakana ilikuwa mikononi mwangu, Kimani alipougua kifua. Wiki mbili tu, akaenda. Alhamisi mkewe, Mama Wairimu, alipanda ngazi zetu pamoja na binti yao. Wairimu alikuwa na miaka kumi na sita, amevaa sweta ya shule. Walikuwa wameleta gitaa limefungwa kwa blanketi. Kulikuwa na uzi uliokuwa ukivuma vibaya kwa sababu ule mfupa ulikuwa umepata ufa, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Mama Wairimu hakuwa na sauti. Alinong'ona tu, kwa sababu ya kulia, na binti ndiye aliyenieleza. Baba yake alikuwa akimfundisha kucheza tangu akiwa darasa la tano. Alimwonyesha kila mahali pa kuweka chuma katika ule wimbo alioupenda, mpaka akaujua gizani. Kukaza nyuzi ndiko hakumfundisha, alisema atamwonyesha akifika kidato cha nne. Sasa mchungaji alikuwa ametoa nafasi, kati ya wasifu na mahubiri, Wairimu amchezee baba yake kwa gitaa lake mwenyewe. Alizungumza kama anayesoma tangazo, lakini mikono aliificha ndani ya sweta.

Nililiweka gitaa mezani. Machozi yalikuwa yakinitoka, nasema bila aibu, Kimani alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nikimwambia Mama Wairimu pole, kwamba Mungu ndiye mpangaji, yale maneno tunayosema. Na nilipokuwa nikiyasema, mkono wangu ulienda kwenye vigingi ukazilegeza nyuzi zote sita, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikalala juu ya mbao.

Mwaona? Marehemu halegezi nyuzi. Lile lilikuwa gitaa la stili la kwanza kuja kwangu likiwa limekazwa na mwenyewe, kwa sababu mwenyewe hakuwepo kulilegeza. Kimani alikuwa ndani ya zile nyuzi bado, siku nne baada ya kufa. Ningelipitisha kidole mara moja tu na kusikiliza, ningeliuandika mpango wake kwa penseli nyuma ya risiti. Nilizilegeza kama mtu anayezima taa akitoka chumbani.

Ijumaa saa sita Wairimu alikuja na kasha la baba yake kulichukua. Nilikuwa nimechonga mfupa mpya, nikazikaza nyuzi kwa ule mpango ambao wengi hutumia, nikiwa bado sijafikiri. Alikaa, akaliweka mapajani, akaweka chuma pale pale alipofundishwa. Kilichotoka hakikuwa wimbo. Akajaribu tena. Akasogeza chuma, akakirudisha. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

"Auntie, mbona iko hivi?" aliniuliza. "Nimeweka place alinionyesha."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja lingetosha. Badala yake nilimwambia kwamba nyuzi zikikaa kwenye baridi bila mtu kucheza huwa zinalegea zenyewe. Fundi mzima, mwenye aproni, mbele ya mtoto aliyefiwa. Tulijaribu mpaka saa kumi, mimi nikigeuza vigingi huku na huku, yeye akitikisa kichwa. Mwishowe alilifunga kasha mwenyewe.

Siku ya mazishi mchungaji alimwita jina, naye akabaki amesimama na kasha mkononi, limefungwa, mpaka kwaya ikaanza kuimba kumsitiri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya hema. Baadaye wakati wa kunawa mikono alinijia, nikadhani amejua. Akasema, "Si gita, auntie. Ni mimi. Mkono imesahau."

Nami nikanyamaza. Kulegeza nyuzi lilikuwa kosa la kazi, na makosa ya kazi tumefanya wote. Kunyamaza pale ndiko kulikonifanya nisipate usingizi. Wairimu hakugusa gitaa tena. Alimaliza shule, akasomea ufamasia, sasa ana duka la dawa karibu na Adams Arcade. Nilipokuwa nikienda kununua dawa ya presha, mara nyingine alinihudumia mwenyewe, akaniuliza hali. Nikimwuliza kama anacheza, alicheka na kusema yeye hakuzaliwa na mkono wa baba yake. Nililipa dawa yangu nikatoka.

Nilianza kuutafuta ule mpango. Kulikuwa na kanda moja ya kwaya ya Dagoretti ambayo Kimani alicheza, nikaipata kwa mshiriki mmoja. Kila Jumatatu wakati wa chakula nilifunga mlango, nikaweka kanda, nikashika kifilimbi cha kupimia noti. Nilifanya hivyo miaka. Nilipata uzi mnene, au nilidhani nimeupata, halafu wa pili unakataa kuketi nao. Kila uzi ulikuwa juu kidogo ya noti, au chini kidogo. Nililaumu kanda kwamba imevutika. Brayo, wewe unakumbuka uliponiletea ile programu ya simu yenye mshale, ukaniambia, "Mathe, hii haidanganyi." Mshale ulicheza huku na huku haukutulia kwenye kijani hata mara moja. Wewe ulisema kanda imeharibika. Hukujua nilikuwa natafuta nini, nami sikukuambia, nilikufokea tu kuhusu gundi. Unisamehe.

Mutua alikufa akiwa mzee, kitandani kwake. Njuguna naye. Nilibaki mimi peke yangu niliyewasikia wote watatu katika chumba kimoja, na nilikuwa nastaafu. Niliona kwamba nikifa kabla ya kusema, Wairimu atazeeka akiamini kwamba mkono wake ulimwangusha baba yake siku ya kuzikwa. Mficha uchi hazai. Jumamosi ya kwanza baada ya kukabidhi ufunguo nilitia vifaa vichache na nyuzi mpya kwenye mkoba, nikaenda Dagoretti.

Mama Wairimu alikuwa amekaa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini macho ni yale yale. Wairimu alikuwa amekuja kumwona, kama afanyavyo kila Jumamosi, anaosha mtungi wa maji. Waliniletea kiti na chai. Sikuigusa. Niliwaambia wote wawili, tangu blanketi mpaka kunawa mikono, bila kuruka. Nilisema baridi haikulegeza chochote, nilizilegeza mimi. Nilimwambia Wairimu kwamba mkono wake haukusahau kitu.

Wairimu aliuweka mtungi chini.

"Twenty-three years," alisema. "Na umekuwa ukikuja kwa duka yangu. Si ungesema tu, auntie? Ningekasirika, halafu ingeisha."

Nilitazama maharagwe. Aliyenijibia ni mama yake, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, mikono ikiendelea kuchambua.

"Mimi nilikuona ukizilegeza. Nilidhani ndiyo desturi yenu mtu akifa."

Hilo lilinipiga kuliko hasira ya binti. Alikuwa ameona kila kitu, akakipa heshima. Alidhani mafundi wa magitaa wana namna yao ya kumfumba macho maiti. Kwa hiyo alipolipeleka gitaa nyumbani alilipandisha juu ya kabati na kuliacha, kwa sababu nyuzi za marehemu zimeshalegezwa, nani azikaze tena?

Nilimwambia kuhusu kanda, kifilimbi, mshale wa simu, na kwamba nimeshindwa. Niliuliza kama aliwahi kumsikia Kimani akisema alivyokuwa akizikaza. Hapo Mama Wairimu akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akaifunika midomo kwa khanga.

"Kusema nini na alikuwa anakazia hapa?" alisema. "Nikiwa jikoni napika, naimba. Anakuja kukaa hapo mlangoni na hiyo gita yake, anageuza, anageuza, mpaka inaingia kwa sauti yangu. Aliniambia nisiambie wenzake. Wangemcheka ati anatuniwa na bibi."

Wairimu alimtazama mama yake kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza. Alisema miaka yote hiyo alimwona baba yake pale mlangoni, na alidhani anangojea chakula.

Nilikuwa nimetafuta noti kwenye kifilimbi, na hazikuwa kwenye kifilimbi. Uzi mnene ulikuwa pale mama huyu anapoanzia, mwembamba pale anapofika juu kabisa, na zile nne za katikati pale sauti yake inapopumzika. Ndiyo maana mshale haukutulia. Hakuna mtu aliyezaliwa akiimba kwa kipimo cha mshale.

Wairimu aliingia ndani akalishusha gitaa kutoka kabatini. Nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu. Niliziondoa, nikafuta vumbi kwa kitambaa cha karakana, nikafunga mpya na kuzivuta vuta zizoee. Halafu nikamwomba Mama Wairimu aimbe ule wimbo. Alikataa, akasema sauti imeshuka, haina maana tena. Nikamwambia gitaa nalo limezeeka. Akaweka ungo chini, akaimba, taratibu, akitazama mlango wa jikoni. Alipofika juu sauti ilitetemeka, akairudia mara mbili. Mimi nikageuza vigingi nikimfuata, na safari hii nilisikiliza, nilisikiliza kama sikuwahi kusikiliza kitu maishani.

Niwe mkweli kwenu kama fundi. Haikuwa sauti ya kwenye kanda. Ilikuwa chini zaidi, na ule uzi mwembamba haukuwa na uhakika. Mpango wa Kimani wa siku ile ya Alhamisi ulipotelea mezani kwangu na hakuna atakayeurudisha. Lakini Wairimu alipolilaza mapajani na kuweka chuma mahali alipoonyeshwa akiwa mtoto, kilichotoka kilikuwa wimbo. Alisita, akaenda mahali pa pili, gitaa likaitika. Mkono haukuwa umesahau chochote. Aliucheza wote, akikosea hapa na pale, machozi yakimdondokea kwenye mbao, nami sikumwambia afute. Na mwisho hakuzima uzi. Aliweka mikono magotini, na sisi watatu tukangoja mpaka noti ikaishia yenyewe, na hata baada ya hapo tukaendelea kungoja.

Baadaye Wairimu alilirudisha gitaa kwenye kasha lake, akaenda kufuta uso. Nami, wanangu, niliinama kulifunga, na mkono wangu wa miaka arobaini ukaenda wenyewe kwenye kigingi cha kwanza. Nilikuwa nimeshaanza kukigeuza Wairimu aliponishika kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Wacha, auntie. Tafadhali."

Nikaacha. Nilikuwa na aibu hata sikuweza kuinua uso. Lakini Mama Wairimu alikuwa amesharudi kwenye ungo wake.

"Mwache azilegeze isije ikapinda," alimwambia binti yake. "Mimi bado niko."

Wairimu akauachilia mkono wangu, nikazilegeza.